Moshi wa Kujikimu: Mbeya, Iringa na Majadiliano ya Kyoto, 1997

Katika mwaka wa 1997 uenyekiti wa Kundi la Nchi 77 ulikuwa mikononi mwa Tanzania. Kundi hilo lilizaliwa Geneva tarehe 15 Juni 1964, nchi changa zilipokubaliana kusema kwa sauti moja katika mambo ya biashara na maendeleo. Kufikia mwaka tunaouzungumzia wanachama wake walikwisha kuzidi 130, ingawa jina la kwanza halikubadilishwa. Huko New York aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Balozi Daudi Mwakawago, mzaliwa wa Iringa, aliyepata kuwa mkuu wa Chuo cha Kivukoni na kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Katika majadiliano ya tabianchi, yaliyofanyika Bonn na baadaye Kyoto, aliyelisemea Kundi pamoja na China alikuwa Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme, mzaliwa wa Rungwe katika mkoa wa Mbeya. Hivyo, katika mwaka ambao mataifa tajiri yalifungwa kwa mara ya kwanza na sheria ya kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, neno la nchi maskini lilitoka vinywani mwa watu wawili wa Nyanda za Juu za Kusini. Bila shaka hiyo ilikuwa sadfa, kwa kuwa uenyekiti huenda kwa zamu. Lakini yafaa sadfa hiyo itazamwe, maana mambo yaliyobishaniwa Kyoto, yaani makaa ya mawe, maji ya mito na miti ya kupandwa, yote hupatikana katika nyanda hizo, na hukumu iliyotolewa huko ilirudi hatimaye kuwafikia watu wake.

Neno moja juu ya msamiati. Wakati wa Kyoto neno tabianchi lilikuwa bado halijaenea. Aghalabu iliandikwa mabadiliko ya hali ya hewa, na kwa maneno hayo jambo la siku moja likachanganywa na jambo la karne nzima. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, wala Kiswahili si mojawapo. Kwa hiyo wajumbe wa Tanzania walibishana kwa Kiingereza, na hoja zao zikarudi nyumbani zikiwa zimekwisha kupita katika tafsiri. Ile kanuni iliyo moyo wa mkataba, ya majukumu yaliyo ya pamoja lakini yenye kutofautiana, huwa nzito ikisomwa kwa Kiswahili cha ofisini. Hata hivyo mtu wa Tukuyu au wa Kilolo aliyepata kuketi katika mchango wa msiba hahitaji kuelezwa ya kuwa wote huchanga, wala si wote huchanga sawasawa.

Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa ulikubaliwa New York tarehe 9 Mei 1992, ukatiwa sahihi Rio de Janeiro mwezi wa Juni mwaka huohuo, na kuanza kutumika tarehe 21 Machi 1994. Tanzania iliuridhia mwezi wa Aprili 1996. Kifungu chake cha 3 kiliweka kanuni iliyotajwa hapo juu, na kuongeza ya kuwa nchi zilizoendelea ndizo zitakazotangulia. Ahadi zake, hata hivyo, zilikuwa laini mno, na katika mkutano wa kwanza wa nchi wanachama, uliofanyika Berlin mwaka wa 1995, iliamuliwa zitungwe ahadi kali zaidi. Hapo Berlin nchi zinazoendelea zilipata jambo moja kubwa: iliandikwa ya kuwa katika awamu hiyo hazitabebeshwa wajibu wowote mpya. Kazi ya miaka miwili iliyofuata ya wajumbe wao ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kulinda sentensi hiyo isifutwe.

Ni kosa kudhani ya kuwa sentensi hiyo iliombwa kama sadaka. Mwalimu Nyerere, alipolikaribisha Kundi hilo Arusha mwezi wa Februari 1979, alilifananisha na chama cha wafanyakazi, chama cha maskini wanaoungana ili wapate kujadiliana na mwenye mali. Na hoja ya tabianchi ilijengwa juu ya msingi huohuo. Ilikuwa hoja ya hesabu. Gesi iliyokwisha kujaa angani ilikuwa imetoka hasa katika viwanda, magari na majiko ya nchi za kaskazini tangu karne ya 18. Katika miaka ya 1990 Mmarekani mmoja alikuwa akitoa, kwa wastani, karibu tani 20 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania, kwa mafuta na makaa aliyoyatumia, alitoa kama sehemu moja ya kumi ya tani. Mwaka wa 1991 wanachuoni wawili wa India, Anil Agarwal na Sunita Narain, walikuwa wamekwisha kuonyesha ya kuwa hesabu inayochanganya gesi itokayo katika mashamba ya mpunga ya maskini na ile itokayo katika magari ya matajiri si hesabu ya haki: ya kwanza ni ya kujikimu, ya pili ni ya anasa. Profesa Mwandosya aliishika tofauti hiyo, na kitabu alichokitoa kwa Kiingereza baada ya Kyoto, kikieleza majadiliano kwa jicho la kusini, amekipa jina lenye maana hiyo, ambalo kwa Kiswahili laweza kusemwa moshi wa kujikimu.

Moshi huo, kwa mtu wa Mbeya, haukuwa jambo la kitabuni. Upande wa kusini wa Mlima Rungwe, kuelekea Ziwa Nyasa, kuna makaa ya mawe ya Kiwira na Songwe. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 ukiwa na mtambo mdogo wa umeme wa megawati 6. Mwandosya mwenyewe, kabla ya kuwa mjumbe, alikuwa ameitumikia wizara iliyohusika na nishati, akiwa Kamishna na hatimaye Katibu Mkuu; alijua vizuri ni kaya chache kiasi gani zilizokuwa na umeme, na ya kuwa makaa yale yalikuwa miongoni mwa njia chache za kuuongeza. Kumwambia mtu huyo ya kuwa nchi yake ikubali kikomo cha moshi kabla haijawasha taa zake ilikuwa kumwambia taa zisiwashwe.

Lakini nyanda zilezile zilikuwa na upande wa pili wa hoja, nao ulisemwa kwa sauti ndogo zaidi. Umeme wa Tanzania wa siku hizo ulikuwa umeme wa maji, na sehemu yake kubwa ilitoka katika mto mmoja. Ruaha Mkuu huanzia katika safu za Uporoto na Kipengere, ukapokea mito ya Kimani, Chimala, Mbarali na Ndembera katika bonde la Usangu, ukatulia katika Ihefu, kisha ukapita katika hifadhi ya Ruaha na kuingia bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Ruaha Mdogo, utokao Mufindi na kupita mjini Iringa, huungana nao njiani. Mtera una mitambo ya megawati 80, na Kidatu, chini yake, megawati 204. Tangu mwaka wa 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakatika ndani ya hifadhi kila kiangazi. Mwaka wa 1994 nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme, na mwaka wa 1995 serikali ikaingia mkataba wa mitambo ya mafuta, mkataba ambao mabishano yake yaliendelea kwa miaka mingi. Mvua zikipungua Mbeya, mafuta huchomwa Dar es Salaam: hapo moshi wa kujikimu ulikuwa matokeo ya ukame, si njia ya kukimbia umaskini tu. Nchi ya namna hiyo ilihitaji mambo mawili kwa pamoja, yaani ruhusa ya kuchoma na hakika ya mvua, na Kyoto iliweza kutoa la kwanza peke yake.

Mwaka wa uenyekiti ulianza kwa ugumu wa ndani. Desturi ya Kundi ni kutopiga kura. Neno husemwa kwa jina la wote likiwa limekubaliwa na wote. Katika nyumba hiyo moja walikuwamo visiwa vidogo, ambavyo vilitaka mataifa tajiri yapunguze gesi kwa asilimia 20 ifikapo mwaka wa 2005 kwa kuwa bahari ilikuwa ikivitishia uhai, na walikuwamo wauza mafuta, ambao kila asilimia ya kupunguza ilikuwa kwao pipa lisilouzwa. Walikuwamo India na China, waliohofia ya kuwa uchumi wao unaokua ungefungwa kamba, na zilikuwamo nchi za Afrika, nyingi zikiwa na wajumbe wawili au watatu tu, wasioweza kuhudhuria vikao vitano vilivyofanyika kwa saa moja. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kutoa sentensi moja katika watu hawa. Mara nyingi sentensi yenyewe ilifika mezani imejaa mabano. Kwani katika maandishi ya majadiliano kila neno lisilokubaliwa huwekwa ndani ya mabano, na rasimu za mwaka ule zilikuwa na kurasa ambazo nje ya mabano hapakubaki ila viunganishi.

Huko New York mambo hayakuwa mepesi kuliko Bonn. Mwezi wa Juni Baraza Kuu lilikutana kwa kikao maalumu kupima miaka mitano tangu Rio, na Kundi, chini ya Balozi Mwakawago, lilikuwa na lalamiko lisilojibika: misaada iliyoahidiwa Rio ilikuwa imepungua badala ya kuongezeka. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Julai, Seneti ya Marekani ilipitisha azimio kwa kura 95 bila hata moja ya kulipinga, ikisema ya kuwa Marekani isitie sahihi itifaki yoyote isiyozifunga nchi zinazoendelea katika kipindi kilekile. Azimio hilo lilipingana waziwazi na maneno ya Berlin, ambayo serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imeyakubali.

Kundi lilitoa msimamo wake kamili mwezi wa Oktoba, katika kikao cha nane na cha mwisho cha kamati ya Bonn. Lilitaka nchi zilizoendelea zipunguze gesi tatu, chini ya kiwango cha mwaka wa 1990, kwa asilimia 7.5 ifikapo mwaka wa 2005, asilimia 15 ifikapo 2010, na asilimia 35 ifikapo 2020. Tena uwepo mfuko wa fidia kwa nchi zitakazopata hasara kwa sababu ya hatua hizo. Yeyote atazamaye kwa makini huona viraka: hesabu kali ni ya kuwaridhisha wenye visiwa, na mfuko wa fidia ni wa kuwaridhisha wenye mafuta. Wakosoaji walilitaja jambo hilo kama udhaifu. Labda ni haki zaidi kusema ya kuwa kupata hesabu ya namna hiyo kutoka katika chumba walichoketi Saudia na Samoa pamoja ilikuwa kazi kubwa, na ya kuwa asilimia 15 ya Kundi ililingana na ile iliyodaiwa na Umoja wa Ulaya yenyewe. Tarehe 22 Oktoba, siku kikao hicho kilipofunguliwa, Rais Clinton alitangaza ya kuwa Marekani itarudi tu katika kiwango cha 1990, tena kati ya mwaka wa 2008 na 2012, na ya kuwa haitafungwa bila ya ushiriki wa maana wa nchi zinazoendelea zilizo kubwa.

Mkutano wa Kyoto ulianza tarehe 1 Desemba. Nyumbani mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekuja kwa nguvu isiyo ya kawaida, zikikata barabara na reli, na jina la Kispania la El Nino likaingia katika Kiswahili cha mitaani kuwa jina la mvua yoyote ya kupita kiasi. Ni mojawapo ya maneno machache ya elimu ya tabianchi ambayo wananchi waliyachukua wenyewe bila kungoja kamati ya istilahi. Katika ukumbi wa Kyoto ubishi ulikuwa juu ya mambo mengine. Tarehe 5 Desemba New Zealand ilipendekeza ya kuwa nchi zinazoendelea nazo zikubali kufungwa katika kipindi cha baadaye. Kundi likakataa. Lilikataa kwa sababu iliyo sahili: waliotakiwa kutangulia walikuwa bado hawajapiga hata hatua moja.

Usiku wa mwisho, ulioendelea hadi tarehe 11, Raúl Estrada-Oyuela wa Ajentina, mwenyekiti wa kamati nzima, alivipitia vifungu kimoja kimoja. Palikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi yoyote inayoendelea kujifunga kwa hiari yake. Baadhi ya nchi za Kundi lenyewe zilikitaka. China na India zilikipinga kwa nguvu, zikihofia ya kuwa hiari ya leo ni lazima ya kesho. Estrada alipoona hapana maafikiano alikifuta. Biashara ya vibali vya gesi nayo ilipingwa na Kundi, nayo ikaingia, kwa maneno machache yaliyoacha kanuni zake zitungwe baadaye. Matajiri walikubali kupunguza gesi kwa wastani wa asilimia 5 hivi, Umoja wa Ulaya ukichukua 8, Marekani 7, na Japani 6. Sentensi ya Berlin ilibaki salama. Katika Itifaki yote hakuna kifungu kinachoipa nchi inayoendelea kikomo cha gesi.

Hata hivyo, palikuwa na kifungu cha 12, ambacho historia yake yastahili kusimuliwa kwa kituo kirefu. Katikati ya mwaka wa 1997 Brazili ilikuwa imependekeza mfuko: nchi tajiri ikishindwa kutimiza ahadi yake ilipe faini, na faini hiyo itumike kwa maendeleo safi ya nchi maskini. Kundi lililipokea pendekezo hilo kwa moyo wote. Katika majuma ya mwisho, kwa mazungumzo hasa kati ya Brazili na Marekani, mfuko ukageuzwa. Tajiri hangelipa tena kwa kuwa amekosa. Angelipa ili ahesabiwe kuwa ametimiza, kwa kugharimia upunguzaji wa gesi katika nchi maskini na kuandika tani hizo katika daftari lake. Faini ikawa bei. Katika mapato hayo asilimia 2 iliamriwa baadaye iende katika mfuko wa kuzisaidia nchi zilizo hatarini zikabiliane na mabadiliko. Hiyo asilimia 2 ndiyo yote iliyobaki, katika kifungu hicho, ya ile hoja ya mvua.

Bei hiyo ilifika Mufindi. Watu wa huko hawakuwa wageni wa miti ya kupandwa: msitu wa serikali wa Sao Hill ulikuwapo kwa miongo mingi, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiliufuata katika miaka ya 1980. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ya Kinorwe ilipata kwa vijiji vya Mapanda, Idete na vinginevyo mbuga za majani za milimani, kwa ukodi wa miaka mingi, ikapanda misindano na mikaratusi kwa nia ya kuuza mbao na vilevile ile hewa ya ukaa iliyovutwa na miti. Vijiji viliahidiwa sehemu ya kumi ya mapato ya hewa. Wengi walipata vibarua, barabara na madarasa. Wengine walihesabu nyasi za kuezekea, malisho na mashamba ya kupumzishwa waliyoyapoteza. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa cha lugha na elimu: mkataba ulihusu bidhaa isiyoonekana, isiyo na jina katika Kihehe, ambayo kipimo chake kilifanyika kwa kanuni zilizoandikwa ng'ambo. Mzee wa kijiji aliweza kupima ubao kwa mkono wake. Tani ya hewa hakuweza. Ule moshi wa kujikimu uliotetewa Kyoto ulikuwa wa mtu kama huyo, na sasa aliombwa aitoe ardhi yake ili moshi wa mtu mwingine uhesabiwe kuwa haupo.

Tanzania ilijiunga na Itifaki mwezi wa Agosti 2002. Marekani ilikuwa imekwisha kujitoa mwaka wa 2001, ikitoa sababu zilezile za azimio la Seneti, na Itifaki ilianza kutumika tarehe 16 Februari 2005 bila yake. Msimu uliofuata Mtera ulikauka tena. Mwaka wa 2006 mgawo wa umeme ulirudi kwa ukali, mitambo ya mafuta ya dharura ikaletwa, na serikali ikatangaza mkakati wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji. Waziri wa Nchi aliyehusika na mazingira, katika Ofisi ya Makamu wa Rais, alikuwa sasa Profesa Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki. Chini ya mkakati huo wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu na Ihefu, wengi wakihamishiwa pwani na kusini, na manung'uniko juu ya jinsi kazi ilivyofanywa yakafanya iundwe tume ya uchunguzi mwaka wa 2007. Baadhi ya wataalamu wa maji walisema ya kuwa lawama zilielekezwa kwa wafugaji kupita kiasi, na ya kuwa kilimo cha mpunga pamoja na uendeshaji wa mabwawa yenyewe vilikuwa na sehemu kubwa. Ni vigumu kutoona hapa ubishi wa Kyoto ukirudi kwa umbo dogo: mto mmoja, watumiaji wengi, na swali la nani atangulie kujinyima. Safari hii aliyetangulizwa hakuwa yule aliyetumia zaidi, bali yule aliyekuwa mwepesi zaidi wa kuhamishwa.

Kile kifungu cha hiari kilichofutwa usiku ule hakikufa. Huko Paris, mwezi wa Desemba 2015, kilirudi kikiwa ndiyo kanuni ya wote: kila nchi, tajiri au maskini, iandike yenyewe itakachofanya. Ukuta wa Berlin na Kyoto kati ya makundi mawili ukaondolewa, ingawa maneno ya majukumu yenye kutofautiana yalibakizwa. Mwaka wa 2021 Tanzania iliandika ya kuwa ifikapo mwaka wa 2030 itapunguza gesi kwa asilimia 30 hadi 35 ya zile ambazo ingezitoa kwa mwendo wa kawaida, na kazi hiyo ikategemea kwa sehemu kubwa fedha za kutoka nje. Mwezi wa Oktoba 2022 mvua zilichelewa tena. Mitambo ya Kihansi, inayotegemea maji ya milima ya Iringa na yenye uwezo wa megawati 180, ikabaki ikitoa sehemu ndogo tu ya umeme wake, na mgawo ukatangazwa. Tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, huko Sharm el-Sheikh, nchi wanachama zilikubali, baada ya miaka 30 ya kudaiwa, kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Viwango vya kuuchangia havikuwekwa.